Chama kisichoweza kukata jina: nani hasa anamshika mbunge wa Marekani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafuatilia siasa za Marekani redioni na kwenye simu, na kuna jambo linanichanganya. Mbunge anapiga kura kinyume na chama chake mchana kweupe, hata Spika wa chama chake anaangushwa, na hakuna anayevuliwa uanachama. Wakati huohuo wapo wakubwa wenye vyeo ambao wanaonekana kuogopa hata kivuli chao. Sasa chama kule kina nguvu au hakina? Na kama si chama, anayewashika ni matajiri au ni televisheni? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Spika unayemsema ni Kevin McCarthy wa California. Tarehe 3 Oktoba 2023 wabunge wanane wa chama chake cha Republican, wakiongozwa na Matt Gaetz wa Florida, waliungana na Wademocrat wakamng'oa kitini kwa kura 216 dhidi ya 210. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika historia ya Baraza la Wawakilishi. Wale wanane walirudi ofisini, wakaendelea kuwa Warepublican, na hakuna kikao cha nidhamu kilichowafukuza. Si kwamba walisamehewa. Hakuna kikao cha chama chenye mamlaka ya kumvua mbunge kiti chake.

Mazoea ya kwetu ndiyo yanayotupoteza hapa. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 67, inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 71 inasema akikoma kuwa mwanachama, na ubunge unakoma. (Sakata la wale 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na CHADEMA mwaka 2020 wakabaki bungeni ni somo la siku nyingine.) Kenya nao, kwa Ibara ya 103, mbunge akijiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Ndiyo maana kwetu mtu anaweza kuongoza kura za maoni, jina likapanda juu, likakatwa, na akarudi nyumbani. Mbunge wetu anajua simu ya nani ipokelewe haraka.

Marekani hakuna wa kukata jina. Uanachama wenyewe hauna kadi wala ada kwa maana tunayoijua sisi. Mpiga kura katika majimbo mengi (jimbo kule ni kama California au Florida, si jimbo la ubunge) anajiandikisha serikalini kuwa ni wa chama fulani, basi. Virginia na Michigan hata hilo halipo. Anayetaka ubunge anatimiza masharti ya sheria ya jimbo, kwa kawaida kukusanya saini au kulipa ada ya fomu, kisha anaingia kwenye kura za mchujo, ambazo wananchi humchagua mgombea wa chama, akiwa na jina la chama mkononi. Mwenyekiti wa chama akimchukia, amchukie. Wapiga kura wakimpa ushindi, yeye ndiye mgombea.

Mfumo huu haukushuka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa wa vyama walipanga wagombea vyumbani, mara nyingi wakishirikiana na kampuni za reli, na wanamageuzi wakaamua kuwanyang'anya kazi hiyo. Wisconsin, chini ya Gavana Robert La Follette, ilipitisha sheria ya mchujo wa jimbo zima mwaka 1903. Kwa urais mambo yalichelewa zaidi. Mwaka 1968 chama cha Democratic kilimteua Hubert Humphrey kule Chicago, mtu ambaye hakushindana katika mchujo wa jimbo lolote, huku nje polisi wakiwapiga virungu waandamanaji. Aibu ile ilizaa kanuni mpya, na tangu 1972 wajumbe wa mkutano mkuu wanapatikana hasa kwa kura za wananchi. Nia ilikuwa njema. Nitafika kwenye matokeo yake.

Kufukuza mbunge kunawezekana, lakini ni kazi ya Baraza zima na inahitaji theluthi mbili. George Santos wa New York alifukuzwa hivyo Desemba 2023, kwa kura 311 dhidi ya 114. Uongozi wa chama peke yake unabaki na zana ndogondogo: kamati, vyeo vya ndani, msaada wa fedha za kampeni. Na hata hizo zinaweza kugeuka baraka kwa anayeadhibiwa. Marjorie Taylor Greene wa Georgia alipoondolewa kwenye kamati Februari 2021, safari hii kwa kura ya Baraza zima lililokuwa chini ya Wademocrat, kampeni yake ilikusanya zaidi ya dola milioni 3 katika miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka ule. Adhabu ikawa harambee.

Sasa swali lako la pili: wanamwogopa nani? Wanaogopa mchujo. Viti vya Baraza la Wawakilishi ni 435, na katika sehemu kubwa ya viti hivyo mshindi wa uchaguzi mkuu wa Novemba anajulikana mapema, kwa sababu eneo lile ni la chama kimoja. Kiasi fulani ni watu wenyewe kuhamia karibu na wanaofanana nao, mijini huku na vijijini kule. Kiasi kingine ni ramani: mabunge ya majimbo mengi ndiyo huchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mahakama za shirikisho haziwezi kuamua malalamiko ya ramani zilizochorwa kwa upendeleo wa chama. Eneo likishakuwa la chama kimoja, uchaguzi wa kweli ni ule wa mchujo, ambao watu wengi hawajitokezi.

Chukua mfano wa Eric Cantor. Mwaka 2014 alikuwa kiongozi wa walio wengi, namba mbili baada ya Spika, na wengi walimhesabu kuwa Spika ajaye. Juni mwaka ule, huko Virginia, aliangushwa na Dave Brat, profesa wa uchumi wa chuo kidogo asiyejulikana na mtu nje ya eneo lake. Kura zote zilizopigwa zilikuwa kama 65,000, katika eneo lenye watu zaidi ya laki saba. Kampeni ya Cantor ilitumia mamilioni ya dola. Ya Brat ilitumia kama laki mbili. Magazeti yalichimba hesabu na kukuta kwamba kampeni ya Cantor ilikuwa imelipa takriban dola 168,000 kwenye migahawa ya steki peke yake, karibu bajeti nzima ya mpinzani wake. Miaka minne baadaye, New York, Joe Crowley, mmoja wa vinara wa Wademocrat, alishindwa na Alexandria Ocasio-Cortez katika mchujo ambao kura zake hazikufika 30,000.

Wenzao waliobaki waliyaona hayo, na ndiyo kazi ya matukio haya. Januari 2021 Warepublican kumi wa Baraza walipiga kura ya kumshtaki Rais Trump baada ya uvamizi wa jengo la Bunge. Wanne hawakugombea tena. Wanne walishindwa kwenye mchujo, akiwemo Liz Cheney wa Wyoming aliyekuwa kiongozi wa tatu wa chama Barazani. Alipata chini ya asilimia 30 ya kura. Walirudi wawili tu, Dan Newhouse wa Washington na David Valadao wa California. Angalia majimbo yao: yote mawili yana mchujo wa pamoja, ambapo wagombea wa vyama vyote wapo kwenye karatasi moja na wawili wa juu wanasonga mbele. Mrepublican wa hapo anaweza kuokolewa na wapiga kura wasio wakereketwa wa chama. Sisemi ni kinga, maana Jaime Herrera Beutler wa Washington hiyohiyo alizama. Lakini nafasi ya kupumua ipo.

Upande wa fedha, watu wengi wanaieleza hadithi kinyumenyume. Sheria inambana mgombea mwenyewe: katika uchaguzi wa 2024, mtu mmoja hakuruhusiwa kumpa zaidi ya dola 3,300 kwa mchujo na kiasi hichohicho kwa uchaguzi mkuu. Ila tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2010 katika kesi ya Citizens United, na uamuzi wa mahakama ya rufaa uliofuata mwaka huohuo, kamati zinazoitwa super PAC zinaweza kupokea na kutumia fedha bila kikomo, mradi zisipange mambo pamoja na mgombea. Wakili akikuambia ukuta huo ni mrefu, mwulize kwa nini kampeni huweka picha na video za mgombea mtandaoni ambazo kamati huzichukua na kutengenezea matangazo.

Mahali fedha hizo zinapouma zaidi ni kwenye mchujo, kwa sababu wapiga kura ni wachache, wote ni wa chama kimoja, na jina la mpinzani halijulikani. Mwaka 2024 super PAC yenye uhusiano na AIPAC, kundi linaloitetea Israel, ilitumia zaidi ya dola milioni 14 kumwangusha Jamaal Bowman, Mdemocrat wa New York. Wenye fedha walichukizwa na msimamo wake juu ya Israel na Gaza, lakini matangazo yao yalimsema zaidi kwa kupinga muswada wa miundombinu wa Rais Biden. Walimchambua kwa lile lililowaudhi wapiga kura, si lile lililowaudhi wao. Mwaka huohuo, California, kamati ya wenye biashara ya sarafu za kidijitali ilimwaga takriban dola milioni 10 dhidi ya Katie Porter aliyetaka useneta. Akashindwa. Huwezi kuthibitisha kwamba fedha hizo ndizo zilizomwangusha, na wala haina haja. Mbunge mwingine aliyekuwa anafikiria kuandika sheria kali ya sarafu hizo alikuwa anasoma habari kama wewe na mimi.

Makundi mengine hayahitaji hata mamilioni. Grover Norquist, mwanaharakati wa kupinga kodi, amekuwa akiwapelekea wagombea karatasi ya ahadi ya kutopandisha kodi tangu 1986. Ukitia saini halafu ukageuka, tangazo la mpinzani wako limeshajiandika. Chama cha wenye bunduki, NRA, huwapa wanasiasa alama kama za mtihani, A hadi F, na mpiga kura wa mchujo anazijua.

Lakini rudi kwa Cantor: fedha zilikuwa kwake. Kilichombeba Brat kilikuwa hasira juu ya suala la wahamiaji, na watangazaji wa redio za kihafidhina, Laura Ingraham akiwa mbele, waliomnadi. Kwa hiyo vyombo vya habari vinaingia hapo. Utasikia kwamba kila kitu kiliharibika mwaka 1987, mamlaka ya mawasiliano ilipofuta kanuni iliyovitaka vituo vitoe nafasi kwa pande zote za hoja. Kuna ukweli: mtangazaji wa redio wa kihafidhina Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima mwaka uliofuata. Ila kanuni ile ililenga vituo vya redio na televisheni vinavyorusha hewani, si vya kebo. Fox News na MSNBC, vyote vya 1996, visingeguswa nayo.

Nguvu ya vituo hivyo haipo sana katika kumgeuza mtu wa Novemba. Ipo katika kumwambia yule mmoja anayejitokeza kwenye mchujo nani ni msaliti. Siku hizi pia ni mashine ya michango: mbunge anasema neno kali, kipande kinazunguka simuni, na kitufe cha kuchangia kipo chini yake kupitia ActBlue kwa Wademocrat au WinRed kwa Warepublican. Michango midogo ya watu wa kawaida ilitarajiwa kuwa dawa ya matajiri. Imekuwa pia posho ya wapiga kelele, na mimi nadhani hili linazungumzwa kidogo kuliko linavyostahili.

Kama unafuatilia matangazo, kuna jambo la kitaalamu linalosahaulika. Siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha televisheni lazima kimuuzie mgombea muda wa hewani kwa bei yake ya chini kabisa. Super PAC hailindwi na sheria hiyo. Inalipa bei inayotajwa. Kwa hiyo dola ya mgombea inanunua zaidi ya dola ya tajiri anayemsaidia, na jumla zile kubwa zinazotangazwa magazetini hazipimi kitu kimoja.

Wapo wanaoweza kukaidi bila hofu. Joe Manchin alikuwa seneta Mdemocrat wa West Virginia, jimbo ambalo Trump alilishinda 2020 kwa tofauti ya karibu pointi 39. Desemba 2021, Seneti ikiwa 50 kwa 50, alikwenda Fox News akatangaza kwamba hataunga mkono mpango mkuu wa Biden. Chama kilinuna tu, kwa sababu Mdemocrat mwingine asingekishinda kiti kile. Alipoacha kugombea mwaka 2024, kiti kilikwenda kwa Republican. Lisa Murkowski wa Alaska alishindwa mchujo wa 2010, akaomba watu waandike jina lake kwa mkono kwenye karatasi ya kura, na akarudi Seneti. Hao ni wachache. Sheria za majimbo mengi zinamzuia aliyeshindwa mchujo kuingia Novemba kama mgombea binafsi.

Basi jibu la swali lako la kwanza: kama nembo, chama kule kina nguvu kubwa, maana Wamarekani wengi hupigia kura herufi ya chama iliyo kando ya jina, R au D. Kama taasisi ya kuamua nani avae nembo hiyo, ni dhaifu kuliko CCM au ODM. Makundi na vyombo vya habari vimejaa kwenye nafasi hiyo iliyoachwa wazi.

Ukitaka kujua kama ujasiri wa mbunge ni wa kweli, usianze na hotuba yake. Tafuta tarehe ya mwisho ya kuchukua fomu katika jimbo lake, na tarehe ya mchujo. Texas hufunga pazia la fomu Desemba na kupiga kura za mchujo Machi. Massachusetts husubiri hadi Septemba. Mbunge wa Texas anayekunja uso mwezi Novemba bado anaweza kupata mpinzani. Akikunja uso Aprili, akiwa ameshapita, chama, matajiri na televisheni hawana la kumfanya katika mchujo kwa karibu miaka miwili.