Kwa nini wasomaji wamemchoka muuaji wangu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya ya nguvu za ajabu, mandhari yake Lamu. Mhusika mkuu ni mtoto wa mvuvi anayetiiwa na bahari: akitaka maji yajae, hujaa, akitaka yapwe, hupwa. Huwazamisha waliomdhulumu baba yake shamba. Wenzangu walimpenda mno sura za mwanzo, lakini kufika ya sita wamemchoka, wasema ni muuaji tu. Nikimpunguzia ukali, hadithi inapooza. Msomaji humpendea nini mhusika wa aina hii?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpunguzie ukali hata kidogo. Nimezisoma sura ulizonitumia, na kinachowachosha wenzako ni kwamba kuanzia sura ya nne kuua hakumgharimu kitu.

Msomaji humpenda mhusika wa giza kwa sababu ya dhuluma iliyokosa pa kusemewa. Baba amekwenda kwa chifu, amekwenda mahakamani, faili limepotea, na aliyempora bado anaamkiwa kwa heshima pale uwanja wa Mkunguni. Wengi wetu tuna jambo la namna hiyo moyoni. Akitokea mtu wa kulimaliza kwa usiku mmoja, hatuulizi kwanza kama ni halali, twataka kuona. Raha hiyo umeiandika vizuri sana, hasa pale wimbi linapolipiga jahazi na upepo umetulia tuli.

Ila raha ya kisasi huisha upesi. Humo kwenu mna mfano mkubwa wa kinachoibakisha. Watu humtaja Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, kwa nguvu zake na kwa siri yake, kwamba hafi ila kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Mimi humtazama zaidi mwanawe. Aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akaenda kumdadisi baba, akaipata siri, akamchoma amelala. Twamchukia na bado twamfuata hatua kwa hatua, kwa kuwa anachokiuza ni cha nyumbani kwake. Kisha angalia pigo lile linavyoenea: Liyongo akafia magotini kisimani, mshale upindeni, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Mji mzima ukalipa.

Sasa rudi kwa kijana wako. Maji anayoyavuta yatoke mahali. Wewe wajua boti za Pate hupita mkondo wa Mkanda, na maji yakipwa sana hukwama. Basi usiku anapomzamisha yule tajiri, Mkanda ukauke, na ndani ya boti iliyokwama mwe na mja mzito anayekimbizwa hospitali ya Lamu. Asijue. Apate habari asubuhi, sokoni, kwa mtu asiyemshuku.

Waliokufa sura ya tano hawana hata majina. Wape, na mmoja wao awe amewahi kumtendea baba yake wema.

Jambo jingine, na hili nalisisitiza kuliko yote: umetumia nafsi ya kwanza, uteuzi mzuri, lakini baada ya kila kifo kijana anajitetea aya nzima. Futa aya zote hizo. Mhusika akijitetea, msomaji hugeuka hakimu. Akisimulia tu alichofanya, kwamba alikung'uta mchanga miguuni akaenda kulala, msomaji mwenyewe ndiye atakayemtafutia udhuru, na akishaupata huwa amejifunga naye. Nguvu ya hadithi hizi iko hapo, katika kumfanya mtu mwema atetee kwa akili zake jambo ambalo angelilaani barazani.

Usimpe toba ya haraka. Baada ya habari za boti, akae siku kadhaa bila kuigusa bahari. Kisha jina la pili kwenye orodha yake lipite mbele ya nyumba ya baba yake likicheka, naye aitumie tena nguvu ile akijua Mkanda utakauka. Hilo liwe mwisho wa sura ya tano. Ya sita, ukishafuta aya za kujitetea, iache kama ilivyo.