Kebini kwenye trekta dogo: hapa Dodoma usikimbilie vioo

Kila mwezi wa kumi ukikaribia, simu yangu haikosi mtu anayetaka kununua trekta, na siku hizi swali limebadilika. Zamani waliuliza "Massey au New Holland?" Sasa wanauliza kama waongeze hela wachukue lenye kebini, yaani chumba cha vioo cha dereva. Nimelimia watu kwa ekari huku Kongwa na Chamwino kwa miaka, trekta langu likiwa dogo na la wazi, na la shemeji yangu lenye kebini nimeliendesha vya kutosha. Jibu langu ni hili: kwa trekta la chini ya HP 50 (nguvu za farasi), kwenye ukanda wetu huu, kebini hailipi, labda ije na AC inayofanya kazi na iwe na mtu wa kuitunza. Ile isiyo na AC kabisa, muuzaji akisema anakuongezea bure, mwambie akupe plau.

Hiyo isiyo na AC ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo nianzie hapo. Matrekta mengi ya mtumba kutoka Uingereza yana kebini kwa sababu sheria ya kule, kuanzia 1970, ilitaka trekta jipya liuzwe na kebini ya usalama ya kumkinga dereva likipinduka. Mkulima wa kule analima kwenye baridi na manyunyu, basi ndani wakaweka hita. Sasa lete kitu hicho Mtanana, mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana. Jua linapita kwenye vioo, joto la gia boksi linapanda kutoka chini ya miguu, injini nayo inachemka mbele ya magoti. Dereva anavumilia nusu ekari, anafungua mlango, halafu dirisha la nyuma, na kuanzia hapo vumbi la plau linaingia na kuzunguka mle ndani lisijue pa kutokea. Ni bora angekuwa wazi, upepo ukalipeleka mbali. Haipiti muda milango imeegemezwa ukutani nyumbani na kuku wanalala nyuma yake. Ukikutana na trekta lina mifupa ya kebini bila kioo hata kimoja, usidhani lilipata ajali.

Yenye AC ni habari nyingine, na siwezi kudanganya: ni raha. Feni inavuta hewa kupitia filta na kuisukuma ndani, hewa ya ndani inakuwa na msukumo mkubwa kuliko ya nje, vumbi halipati upenyo. Unashuka jioni na shati lako ni lile lile la asubuhi. Lakini raha hiyo inategemea mlango ufungwe, raba za milango ziwe nzima (jua letu linazikausha mpaka zinapasuka) na filta isafishwe. Dereva wa kukodi anayepiga soga na utingo huku mlango uko wazi amekwishaitupa hiyo hela uliyoongeza.

Halafu kuna nguvu, na hapa ndipo trekta dogo linaponyanyasika. Kompresa ya AC inazungushwa na mkanda wa injini, na inakula HP 3 hivi, pengine zaidi. Ongeza na mwinuko wetu. Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Trekta la HP 40 ulilosomewa kwenye karatasi ya muuzaji, huku kwetu linakupa kama 36. Toa za AC, unabaki na 33 hivi, na hapo plau bado haijagusa ardhi. Kwenye mchanga mwekundu hutaona shida. Ingia kwenye udongo wa mbuga uliokauka, utaona moshi mweusi unapanda na mkono wa dereva unaenda wenyewe kuzima AC. Kwenye trekta la HP 75 na kuendelea hilo halisumbui.

Kuna kitu wauzaji hawakisemi. Kondensa ya AC, ile inayotoa joto lake nje, kwenye matrekta mengi inakaa mbele ya rejeta. Ukilima kwenye mabua ya mtama au masalia ya alizeti, inapofika saa sita makapi yameshona pale mbele kama sweta, injini inapanda joto, na dereva asiyejua anaongeza maji kwenye rejeta akidhani ndiyo dawa. Dawa ni kuzima, kusubiri ipoe, na kupuliza kwa hewa kutoka upande wa injini kuja mbele, maana ukipuliza kutoka mbele unayasukuma makapi ndani zaidi. Na gesi ya AC ikiisha, fundi yuko mjini. Huko Hogoro utampata wa plau, wa haidroliki, hata wa injini, ila wa AC utamfuata.

Vioo je? Mashamba yetu yana miti. Mikwaju, migunga, mibuyu, hakuna anayeikata, na ni sawa isikatwe. Trekta la wazi dereva anainama tu tawi likipita. Yale yenye chuma cha usalama cha kukunja nyuma ya kiti, unakilaza, unapita chini ya mti au kwenye waya za zabibu, ukitoka unakisimamisha tena. Kebini hailali. Tawi moja la mgunga likishika kioo cha pembeni, umesimama kazi na kioo kinaagizwa Dar. Kuna wanaoweka plastiki ngumu badala ya kioo. Ukiifuta vumbi kwa kitambaa kikavu mara chache tu, inakuwa na ukungu usioisha.

Uzito nao. Kebini ni mamia ya kilo, na zote zimekaa juu, kwenye trekta jembamba. Kwa wenzetu wa Kondoa wenye miteremko na makorongo, hilo si jambo dogo.

Upande wa pili una hoja zake, na nazikubali. Kelele: trekta la zamani la wazi mara nyingi linapita desibeli 90 sikioni kwa dereva, wakati kiwango kinachotajwa kwa kazi ya saa nane ni 85. Tazama madereva wa siku nyingi wanavyoongea na simu, kijiji kizima kinasikia. Vumbi letu lina mchanga laini unaokaa kwenye mapafu. Halafu nyuki! Hii ukanda wa kati tunaijua. Mtetemo wa trekta karibu na mbuyu wenye nyuki unawachokoza, na dereva wa trekta la wazi hana mlango wa kufunga. Nilimwona mmoja akiruka trekta likiwa linatembea, likaenda lenyewe mpaka lilipozimika kwenye tuta la jirani. Kebini ingemsaidia siku ile, sibishi.

Ila vumbi na kelele vina tiba ya bei nafuu. Nunua vizibo vya masikio vile vikubwa vya kufunika, barakoa ya vumbi inayobana vizuri puani, miwani, na paa la kivuli. Paa liwe la kivuli tu, usije ukaliamini likukinge trekta likipinduka. Kinachokinga ni kile chuma cha usalama cha kiwandani, na ufunge mkanda, kwa sababu bila mkanda unarushwa nje na trekta linakulalia. Kama trekta halina chuma hicho wala kebini ya usalama ya kiwandani, usifunge mkanda. Na usimruhusu fundi akitoboe chuma hicho au akichomelee ili kushikiza paa, unakidhoofisha. Kwangu mimi, trekta dogo lisilo na chuma hicho silinunui hata likiwa na kebini ya kupendeza iliyotengenezwa mtaani kwa mabati.

Wanaopulizia dawa wananiuliza sana. Filta ya kawaida ya kebini inazuia vumbi, haizuii mvuke wa dawa. Unahitaji filta ya kaboni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na ukiingia ndani na viatu na glavu zenye dawa, umejifungia nayo.

Kama bado unaitaka, usilijaribu asubuhi kwenye yadi. Nenda saa saba mchana, liwe limesimama juani, funga milango, washa injini na AC, kaa nusu saa. Toa filta uiangalie. Uliza kioo cha mbele kinauzwa bei gani na kinachukua siku ngapi kufika. Asipokuwa na jibu, mpunguzie bei au ondoka. Shemeji yangu kabaki na lake na nisingemshauri aliuze: ni la HP 75, analima mbuga usiku na mchana msimu mzima, na kuendesha anaendesha mwenyewe.