Maswali na Majibu: Kwa nini nuru ya leza hutanuka nguvu inapoongezwa?

SWALI: Mhariri, nina karakana ndogo hapa Moshi ambamo huchonga majina juu ya ngao, medali na vyombo vya chuma kwa mashine ya leza ya nyuzi za kioo yenye wati 20. Kibandiko chake kinasema wimbi la nuru yake lina urefu wa nanomita 1064. Jamaa yangu anayefundisha fizikia Arusha alinipimia nuru hiyo kwa spektromita, kifaa kinachochora nuru ina mawimbi ya urefu gani na kwa kiasi gani. Nguvu ilipokuwa ndogo, kilele cha mchoro kilikuwa chembamba. Nilipoifikisha mwisho, kilitanuka pande zote mbili na kuota mikia. Je, mashine imechoka, au niliuziwa isiyo halisi? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Kwa maelezo yako, mashine ni nzima. Ulichokiona ni tabia ya kioo chenyewe kinapopitisha nuru nyingi mno mahali pembamba mno.

Tuanze na hesabu. Wati 20 ni wastani tu, kwa kuwa mashine za kuchonga hutoa nuru kwa mapigo mafupi. Tuseme yako hupiga mara 20,000 kwa sekunde, na kila pigo hudumu nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 100: basi ndani ya pigo moja nguvu hufikia kiasi cha wati 10,000. Nguvu hiyo ikipita katika kiini cha uzi wa kioo chenye kipenyo cha maikromita 20, kila sentimita ya mraba inabeba kiasi cha wati bilioni 3. Hapo kioo hakiwezi tena kuwa bomba tulivu. Nuru kali hukifanya kipunguze mwendo wake zaidi kidogo kuliko kinavyoipunguza nuru hafifu, tabia inayoitwa kwa jina la John Kerr, Mskoti aliyeonesha mwaka 1875 kwamba umeme nao hubadili namna kioo kinavyopitisha nuru.

Badiliko lenyewe halifiki sehemu moja kati ya milioni, na mtu angeweza kulipuuza, lakini katika mita 3 za uzi mna mawimbi yapatayo milioni 4 yanayofuatana, kwa hiyo ucheleweshaji mdogo hujumlishwa hadi kufikia mawimbi mawili hivi mazima. Zaidi ya hayo, nuru ya mashine kama yako ni mchanganyiko wa mawimbi mengi yenye urefu unaokaribiana, na yanapokutana ukali wake hupanda na kushuka upesi kuliko jicho au kipimo cha kawaida kinavyoweza kufuata. Ukali unapopanda, mawimbi huzidi kucheleweshwa na nuru husogea upande wa mawimbi marefu. Unaposhuka, husogea upande wa mafupi. Ndiyo maana kilele chako kilitanuka kote kuwili. Atakayetaka mfano aikumbuke spika ya harusini: ikiongezwa sauti kupita kiasi, hutoa milio ambayo mwimbaji hakuiimba.

Kama mchoro ulionesha pia kilima kidogo peke yake karibu na nanomita 1116, hicho ni kitu kingine. Hapo nuru huziachia molekuli za kioo zinazotikisika sehemu ya nishati yake na kutoka ikiwa na wimbi refu zaidi, kwa njia aliyoigundua C. V. Raman nchini India mwaka 1928. Kilima hicho ningekiangalia kwa makini kuliko mikia, kwa sababu kikikua hunyonya nguvu ya nuru uliyokusudia. Tena hakikisha miwani yako ya kinga inazuia hadi mawimbi hayo, si 1064 pekee.

Kwa kuchonga chuma, nanomita chache hazidhuru: lenzi huikusanya nuru karibu mahali palepale, na chuma hakichagui. Wanaoumia ni wale wanaopitisha nuru katika fuwele ili kuigeuza iwe ya kijani, maana fuwele hukubali ukanda mwembamba tu.

Jamaa yako apime tena, kwanza nguvu ikiwa kamili, kisha ikiwa robo. Kilele kikirudi kuwa chembamba nguvu inaposhuka, ni kioo kinachofanya hivyo, nawe endelea na kazi. Kikibaki kipana hata nguvu ikiwa ndogo, kasoro iko katika chanzo cha nuru kilichomo ndani ya mashine, na hapo ndipo fundi aitwe.