Kutafuta ukoo katika maombi ya zamani kwa Bunge la Virginia

Wanaoanza kutafiti nasaba nchini Marekani hukimbilia sensa na vitabu vya kanisa, kisha wengi hukwama wakifika karne ya 18. Kwa jimbo la Virginia kikwazo hicho ni kikubwa zaidi, kwa kuwa orodha za majina za sensa ya mwaka 1790 hazikusalia. Ushauri wangu kwa mwanagenzi ni kwamba asiishie kwenye sheria zilizochapishwa, bali ayatafute maombi yenyewe ambayo wananchi waliliandikia Bunge la jimbo, ambayo leo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Virginia mjini Richmond. Watu waliomba kivuko, daraja, kugawanywa kwa kaunti, hata talaka, mpaka katiba ya mwaka 1851 ilipoliondolea Bunge madaraka ya kuvunja ndoa.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa James, mtumwa wa William Armistead wa kaunti ya New Kent, aliyekuwa mpelelezi wa Jenerali Lafayette, Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, mwaka 1781. Mwaka 1786 aliliomba Bunge limpe uhuru, akaambatanisha barua ya ushahidi aliyoandikiwa na Lafayette miaka miwili nyuma. Alikubaliwa mapema mwaka 1787, na mmiliki wake akalipwa fidia kutoka hazina ya jimbo. Baadaye James alijiita Lafayette, na kwa jina hilo akaomba pensheni mwaka 1818. Basi anayemtafuta Lafayette katika karatasi za mwaka 1786 atarudi mikono mitupu, kwa sababu humo yeye ni James tu, mali ya Armistead. Unapotafiti waliokuwa watumwa, fuata pia jina la mmiliki.

Kwa familia hizo maombi yana thamani ya pekee. Orodha za watumwa katika sensa za 1850 na 1860 kwa kawaida hutaja umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, bila jina la mtumwa mwenyewe. Lakini sheria ya mwaka 1806 iliwataka waliopewa uhuru baada yake waondoke Virginia ndani ya miezi 12, isipokuwa waruhusiwe kubaki, na aliyeomba ruhusa alikuwa na kila sababu ya kumtaja mke au mume, watoto, kazi aliyoifanya na majirani waliokuwa tayari kumdhamini.

Nilipoanza nilinakili upande wa mbele tu wa kila karatasi, na ikanilazimu kurudi. Karatasi ilikunjwa, na mgongoni karani aliandika kaunti, tarehe ya kupokelewa, kamati iliyokabidhiwa na mara nyingi uamuzi wenyewe, iwapo ombi limeonekana la haki au limekataliwa. Kwa tarehe hiyo utalifuata ombi katika kumbukumbu za vikao vya Bunge, siku baada ya siku.

Sahihi nazo zinataka uangalifu. Majina yaliyofuatana huenda ni ya majirani, ila yakiwa yote kwa mwandiko mmoja, basi mtu mmoja aliyanakili, na usidai kwamba babu yako alijua kuandika. Angalia pia mipaka: ombi la mtu aliyeishi mahali ambapo sasa ni Kentucky, iliyomegwa kutoka Virginia ikawa jimbo mwaka 1792, au West Virginia, iliyojitenga mwaka 1863, huenda likawa Richmond, chini ya jina la kaunti mama, yaani ile ya awali ambayo eneo hilo lilimegwa kutoka kwake.