Chumba cha vioo nyuma ya nyumba ya mwaka 1894: mtindo upi, mbao au plastiki?

Swali

Salamu fundi. Tunaishi Reading, Uingereza, katika nyumba ya matofali ya mwaka 1894 iliyoshikana na ya jirani upande mmoja. Tunataka kuongeza chumba cha vioo nyuma, ile konsavatori, kiendane na umri wa nyumba. Upana uliopo ni meta 4, na tungependa kitokeze meta 3. Upande huo unatazama kusini magharibi. Kutoka sakafuni hadi chini ya dirisha la ghorofani ni meta 3.45. Muuzaji anatuhimiza tuchukue anachokiita mtindo wa Victoria: mbele pembe nyingi, mapambo juu ya paa, fremu za plastiki nyeupe, paa la polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Tukubali? Na mlimau wangu na mbugamvilia vitapona humo majira ya baridi?

Jibu

Msitie saini bado, dada. Jina la mtindo kwenye katalogi linaeleza umbo tu. Wauzaji huita "Victoria" chumba ambacho mbele yake imekatwa pande 3 au 5, na "Edward" kile cha mstatili chenye paa la miteremko mitatu. Kwa meta 4 kwa 3, pembe zilizokatwa zinakula pale pale ambapo mngeweka kiti na meza, na paa lake lina maungio mengi zaidi ya kuvuja. Kwa nyumba yenu ningechukua mstatili wenye paa la mteremko mmoja lililoegemea ukuta. Nyumba za kawaida za wakati ule, zilipokuwa na chumba cha vioo, mara nyingi kilikuwa hicho: rahisi, chenye vioo virefu, mlango katikati. Makuba na mapambo ya chuma juu ya paa yalikuwa ya majumba ya wakubwa.

Angalieni pia ukubwa wa vioo. Ushuru wa kioo Uingereza ulifutwa mwaka 1845 na kodi ya madirisha mwaka 1851, na baada ya hapo vioo vikubwa vikawa vya bei ya watu. Nyumba ya 1894 haipaswi kuwa na vidirisha vidogo vidogo vya miaka mia kabla yake. Tazameni madirisha yenu ya mbele: kama kila moja lina vioo viwili au vinne, chumba kipya kifuate hivyo hivyo. Vijiti vya plastiki vinavyobandikwa ndani ya kioo cha tabaka mbili kuiga vigawanyo havimdanganyi mtu, hata usiku.

Sasa hesabu ya paa, maana ndiyo inayoamua kama umbo hili linawezekana. Chini ya dirisha la ghorofani acheni sentimita 15 za bamba la risasi, yaani madini laini yanayotandazwa kuzuia maji, na sentimita 10 za unene wa boriti na kioo. Meta 3.45 zinabaki 3.20. Ukingo wa mbele wa paa ukiwa meta 2.10, mnabaki na meta 1.10 za kupanda ndani ya meta 3 za kutokeza. Huo ni mteremko wa takriban nyuzi 20: maji yanateremka vizuri na majani hayakai. Mkitaka nyuzi 25 mnahitaji kupanda meta 1.40, nanyi hamna. Kwa hiyo anayewaahidi paa la mwinuko mkali hajapima, au atawazibia dirisha.

Kuhusu kibali: England inaruhusu nyumba kama yenu kuongeza ghorofa moja nyuma hadi meta 3 bila kuomba kibali cha mipango, mradi urefu wa juu usizidi meta 4, na ukingo wa paa usizidi meta 3 pale mnapokuwa ndani ya meta 2 kutoka mpakani. Meta 3 hizo hupimwa nje ya kuta, kuanzia ukuta wa nyuma wa nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948. Ukuta mfupi wa mbele ukiwa na unene wa sentimita 30, ndani mnapata meta 2.70, basi nunueni meza kwa kipimo hicho. Kama mwenye nyumba wa zamani alikwishaongeza jiko nyuma, hilo nalo linahesabiwa. Ulizeni halmashauri kama mtaa wenu una masharti ya ziada ya hifadhi. Kama nyumba imeorodheshwa kuwa ya kihistoria, msiguse tofali kabla ya kibali, kwani kufanya kazi bila kibali hicho ni kosa la jinai. Scotland na Wales zina taratibu zao.

Kanuni za ujenzi ni suala jingine. Chumba cha chini kisichozidi meta za mraba 30 husamehewa kikiwa kimetengwa na nyumba kwa mlango na madirisha ya kiwango cha nje, kina vioo vya usalama, na mfumo wa kupasha nyumba joto haujaunganishwa humo. Mkiung'oa mlango wa nyuma ili jiko na chumba viwe kitu kimoja, msamaha unaondoka.

Nyumba nzee huharibikia zaidi pale chumba kipya kinapoungana na ukuta wa zamani, na muuzaji wa vioo hapatembelei.

Anzeni na vitundu vya hewa. Karibu na ardhi, nyuma ya nyumba, huenda mkaona tofali lenye matundu. Kama sakafu ya ndani ni ya mbao zilizoning'inia, matundu hayo ndiyo yanayopitisha upepo chini yake kutoka nyuma hadi mbele. Mkimwaga zege mbele yake, unyevu unafungiwa, na baada ya miaka michache boriti zinaoza mkiwa juu yake mnakunywa chai. Dawa yake ni kupitisha chini ya zege bomba la milimita 110 kutoka kila kitundu hadi kitundu kipya kwenye ukuta mfupi wa mbele. Kazi hii hufanywa kabla ya zege. Baada ya zege ni kuvunja. Tazameni pia bomba la moshi la boila, mtambo wa kupasha maji na nyumba joto: likitokea kwenye ukuta huo lihamishwe kwanza, kwa mkono wa fundi gesi aliyesajiliwa.

Kisha mfereji wa maji taka. Nyumba za aina hii mara nyingi hushirikiana bomba linalopita nyuma ya zote. Tangu Oktoba 2011 mabomba mengi ya pamoja yako chini ya kampuni za maji, na ukijenga ndani ya meta 3 za bomba hilo unahitaji ridhaa yao. Fungueni kifuniko, tazameni bomba linaelekea wapi kabla ya kuchora chochote.

Msingi wa zamani huwa wa kina kifupi, wakati mwingine ni matofali yaliyotanuliwa tu juu ya udongo. Mkichimba mtaro wa meta 1 kando yake kwa mkupuo, mnauondolea mwegemeo. Chimbeni vipande vifupi, mwage zege, msonge mbele. Na kama mtaro uko ndani ya meta 3 za nyumba ya jirani na unashuka chini ya msingi wake, sheria ya ukuta wa pamoja ya mwaka 1996 inataka apewe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla.

Msifume matofali mapya ndani ya ya zamani. Msingi mpya utatulia kivyake, na ufa utapanda hapo hapo kwenye pembe. Fungeni ukuta mpya kwa reli ya chuma cha pua, acheni nafasi ya milimita 10, jazeni kwa ukanda laini na silikoni isiyo na asidi. Ile yenye harufu ya siki huila risasi.

Kwenye tofali, pimeni kozi 4, yaani mistari minne ya matofali, za ukuta wenu pamoja na saruji yake. Tofali za leo zinatoa milimita 300. Za zamani zikitoa 330, ukuta mfupi wa kozi 8 utapishana na wa nyumba kwa milimita 60, na jicho litaona kila siku. Tafuteni tofali zilizookolewa au zinazofyatuliwa kwa kipimo cha zamani. Reading ni mji wa matofali mekundu yaliyopambwa kwa ya kijivu, kwa hiyo kosa hujitangaza. Kwa kujengea, sehemu 1 ya chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayoganda kwa maji, ya nguvu ya wastani) kwa sehemu 2.5 hadi 3 za mchanga. Saruji tupu ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Baridi ikiganda, linalomeguka ni tofali.

Pale paa linapokutana na ukuta, ombeni bamba la risasi la namba 4 (namba ya unene wake), vipande visivyozidi meta 1.5, vipandane sentimita 10 na viingie milimita 25 ndani ya kiungo. Fundi mwenye haraka hutandaza kipande kimoja cha meta 4. Kitapendeza mwaka wa kwanza, kisha jua na baridi vitakivuta mpaka kipasuke.

Polikaboneti ikataeni. Mvua ikinyesha hamsikilizani, na hupauka kuwa manjano. Ila ni nyepesi, ndiyo maana huja na fremu dhaifu. Kioo cha tabaka mbili, chenye kioo cha ndani kilichogandishwa kwa utando ili kikivunjika kisidondoke, kina uzito wa kama kilo 26 kwa meta ya mraba. Paa lenu lina karibu meta za mraba 12.8, yaani kilo 330 hivi kabla ya theluji, kwa hiyo boriti zihesabiwe kwa uzito huo. Kwa jua la kusini magharibi, chagueni kioo cha kupunguza joto chenye thamani ya g, yaani sehemu ya joto la jua inayopenya, kati ya 0.3 na 0.4.

Kioo peke yake hakitoshi. Hewa ya moto lazima itoke juu na ya baridi iingie chini. Wakulima wa nyumba za mimea hupima matundu ya paa kwa sehemu moja ya tano ya eneo la sakafu. Kwenu ni kama meta 2 za mraba, na mkipata nusu yake juu pamoja na madirisha ya chini, mtaweza kukaa humo Julai.

Mbao au plastiki? Mbao, mradi mna nia ya kuipaka rangi upya kila baada ya miaka kadhaa. Plastiki haina kosa kubwa ila unene: ili iwe imara inahitaji fremu nene, na wembamba wa fremu ndio unaobeba sura ya zamani kuliko pambo lolote la juu ya paa. Msonobari wa kawaida huoza kwenye kingo za chini. Sapeli, mbao ngumu ya Afrika, ni nzuri. Accoya, mbao iliyotibiwa kwa asidi ya siki isioze, inadumu zaidi, ila skrubu zote ziwe za chuma cha pua, maana asidi iliyobaki ndani yake hula za kawaida. Alumini nyembamba iliyopakwa rangi ni njia ya kati, nami nisingeidharau.

Mimea itapona mkiweka hita ya umeme yenye swichi yake ya joto, isiyounganishwa na boila ya nyumba. Usiku mlimau usishuke chini ya nyuzi 10. Mbugamvilia itavumilia hadi 7 ikiwa udongo ni mkavu. Weka vyungu juu ya vipande vya mbao, mbali na kioo, na fungua tundu la juu kwa muda wa saa moja mchana hata kukiwa na baridi, la sivyo ukungu utaanza kwenye majani ya mlimau kabla haujafika kwenye fremu.