Mama kajifungua juzi na kichwa hakiachi: mnaoanza intern someni hii

Wadogo zangu mnaoingia wodini, stroke mliyoizoea ni ile ya mzee wa presha mdomo umepinda, ila kuna hii ya damu kuganda kwenye vena za ubongo na inapenda vijana, hasa akina mama: mjamzito, aliyejifungua wiki chache nyuma, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Damu inaingia ubongoni fresh tu, njia ya kutokea ndo imeziba, presha ndani ya kichwa inapanda, ubongo unavimba, vena ikizidiwa inavuja. Hapo mkipaelewa mengine yote yanakuja yenyewe.

Karibu 9 kati ya 10 wanaumwa kichwa, sasa nani haumwi kichwa? Muulizeni kinaumaje. Aliyechomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya opareshen kinamuuma akikaa au akisimama, akilala kinapoa. Huyu wa vena mara nyingi akilala ndo kinazidi, akikohoa kinazidi, macho yanaona ukungu. Na yule wa ganzi ambaye mwanzo akilala alikuwa anapata nafuu halafu sasa hapati hata afanyeje, jamani msimpe panadol akaenda zake nyumbani. Muangalieni nyuma ya jicho, najua wengi mnakikwepa kile kifaa cha kumulikia jicho, jifunzeni tu.

Akipata degedege anzeni na magneziamu kama kifafa cha mimba, sawa kabisa, lakini presha ikiwa ya kawaida au mkono mmoja umelegea endeleeni kutafuta. CT bila kontrasti (dawa ya kuonyesha mishipa) inaweza kutoka safi kabisa na bonge la damu lipo, kwa hiyo ombeni venografia, yaani picha ya vena zenyewe, ya CT au ya MRI, na kwenye fomu andikeni mnachokishuku, la sivyo mtapigiwa picha ya ubongo tu.

Dawa sasa, na hapa ndo wengi wanaogopa. Picha inaonyesha damu imevuja ubongoni halafu bosi anasema heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ndiyo, heparini! Imevuja kwa sababu njia imeziba, ukiiacha imeziba itazidi kuvuja. Wajerumani walichapisha utafiti wao 1991, wagonjwa 20 tu, wakausimamisha mapema kwa jinsi waliopata heparini walivyofanya vizuri, wakiwemo waliokuwa wameshavuja. Siku hizi wengi tunawapa sindano za enoksaparini (jamii ya heparini) miligramu 1 kwa kilo mara 2 kwa siku figo zikiwa nzima. Steroidi hapana, labda awe na ugonjwa mwingine unaozihitaji. Akianza kusinzia au mboni moja imetanuka msisubiri raundi ya asubuhi, mpigieni daktari wa upasuaji wa ubongo usiku huohuo, kufungua fuvu kunaokoa.

Na msiwakatie tamaa, kwenye utafiti wa 2004 wa wagonjwa 624 wa ugonjwa huu karibu 8 kati ya 10 walipona au walibaki na dalili ndogo tu.

Baadae ni vidonge vya warfarini, navyo vya kuzuia damu isigande, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) iwe 2 mpaka 3, kwa miezi 3 hadi 12, na ananyonyesha bila shida, ila mjamzito abaki kwenye sindano. Kabla hajaruhusiwa muwekeni chini na mumewe kama yupo: vidonge vya estrojeni asiguse tena, kitanzi cha kopa kinamfaa, na akishika mimba nyingine aje kliniki mapema sana maana atahitaji sindano za kuzuia damu isigande.