Mahubiri yapunguze, badilisha sheria ya mchezo

Majirani huniuliza nafanyaje watoto wa lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba zetu, hapa Katuba, Lubumbashi, wacheze mpira jioni nzima bila kurudi nyumbani na midomo iliyopasuka. Jibu langu huwaudhi kidogo: siwahubirii. Mtoto ukimwambia awe na roho nzuri ataitika "ndiyo mama", na kabla hujafika jikoni ameshamkanyaga mwenzake. Mimi nagusa sheria ya mchezo, mpaka mwenye ubinafsi ajikute hapati kitu.

Chukua ngoma ya Kidiaba, aliyekuwa golikipa wa klabu yetu ya TP Mazembe. Hapa Lubumbashi mtoto anajua kumwiga kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hata ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2010, TP Mazembe ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, wanajua vile golikipa yule alivyokuwa akiruka kwa matako. Ni furaha tupu, na mimi hunichekesha hadi leo. Lakini kwenye lupango iligeuka silaha. Mfungaji anakwenda kuruka mbele ya golikipa aliyefungwa, ambaye mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, maana wakubwa hawapendi kukaa golini. Mdogo analia, kaka yake anakuja na ngumi.

Ngoma sikuikataza. Nilisema tu kwamba mfungaji kwanza amrudishie golikipa mpira mkononi, halafu aende kuruka na timu yake yote, upande wao wa uwanja. Ukirukia usoni pa mtu, bao limekufa. Mwanzoni walibishana kama wanasiasa. Sasa wenyewe ndio waamuzi, na ni wakali kunishinda.

Sheria ya pili naipenda zaidi: bao halihesabiwi kama kuna mtu wa timu hiyo ambaye hajagusa mpira. Inafaa watoto wanne au watano kila upande. Wakizidi hapo mchezo unakwama. Kulikuwa na mvulana mmoja mwenye miguu mizito aliyezoea kusimama karibu na ukuta akichokoa rangi kwa kucha. Ghafla jina lake likaanza kuitwa: "Njoo uguse! Njoo uguse!" Ni upendo? Hapana, wanataka bao. Sijali. Aliyezoeleka kuitwa kwa ajili ya bao, siku moja ataitwa pia embe zikianguka, na ndivyo ilivyokuwa.

Kadi nyeupe, ya kumpongeza aliyetenda wema uwanjani, niliiba Ureno. Januari 2023, katika mechi ya wanawake ya Benfica na Sporting, mwamuzi aliwaonyesha madaktari wa timu zote mbili kadi nyeupe, kwa sababu walikimbia kumsaidia mtu aliyezidiwa. Ya kwetu nimeikata kwenye katoni ya sabuni. Anayeipata anakuwa kapteni mechi inayofuata, basi, peremende hakuna. Na usiitoe ovyo. Kuna mjanja mmoja alimsukuma rafiki yake makusudi ili apate nafasi ya kumwinua mbele yangu.

Wakigombana, mimi siulizi nani alianza. Hilo swali halijawahi kuleta jibu katika nyumba yoyote ninayoijua. Nawapa kamba, kila mmoja ashike mwisho wake, wawazungushie wengine waruke. Kamba haizunguki vizuri kama mmoja amenuna na kuvuta kivyake. Wale wanaoruka watampigia kelele haraka kuliko mimi. Kuna kitu katika miili kwenda pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walichapisha utafiti mwaka 2014 juu ya watoto wa miezi 14 waliobebwa na kurushwarushwa taratibu kwa kufuata muziki, huku mtu mwingine akicheza mbele yao. Aliyecheza sawa nao walimsaidia zaidi baadaye kuokota vitu alivyoangusha, kuliko aliyecheza bila kufuatana nao. Hao ni watoto ambao hata kusema vizuri hawajui.

Jambo moja silikubali: kukimbia au kuruka kichura kufanywe adhabu. Mtoto atajifunza kuuchukia mwili wake, na atakuchukia wewe pia. Kumfungia ndani jioni nzima kwa sababu alipigana nako hakusaidii, maana huyo ndiye mwenye nguvu nyingi za kutoa. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kila siku za mazoezi yanayofanya moyo upige mbio. Aliyepiga mwenzake namtoa kidogo, anywe maji, ahesabu mabao ya wengine, kisha arudi.

Kama huna nafasi ya uwanja, una bidoni, yaani dumu la maji. Achana na ya lita 20, ni mzigo wa mtu mzima. Jaza ya lita 5 bila kifuniko, pitisha fimbo kwenye mshikio, mrefu ashike huku na mfupi kule, washindane na wawili wengine kutoka bombani hadi mlangoni. Wanaoshinda ni waliobakiza maji mengi, hata wakifika wa mwisho. Mrefu akikimbia peke yake, maji yote yanamwagikia mfupi, na wanaanza upya. Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, usishangae wakimwagiana makusudi. Waache, ila maji yaliyobaki wayatumie kufua jezi zao wenyewe.